Maua ya tungule (nyanya) yanapukutika, na chache zilizoshika zinaoza kitako: niendelee ama ning'oe?

"Assalam aleikum bwana shamba. Mimi niko Majengo, nakaa orofa ya juu kabisa, na mwenye nyumba ametuwachia nafasi kwenye slabu tuanike nguo. Mwezi wa kumi na mbili nilipanda tungule huko juu kwenye ndoo sita za rangi, zile nyeusi za lita 20, mbegu nilinunua agroveti paketi imeandikwa Money Maker. Miche ilishika vizuri mashallah, saa hizi imenipita kimo, majani kijani mpaka yanakaribia weusi. Maua yanatoka mengi lakini yanakauka pale kwenye kifundo yanaanguka. Ndoo zote sita nimepata tungule saba tu, na nne zimeingia weusi kitakoni kabla hata hazijaiva. Natia mbolea ya CAN kijiko kila ndoo kila wiki. Maji ni ya kisima cha ploti, yana chumvi kidogo, mfereji ukija ndio nateka matamu. Jirani mmoja asema hizo ni madume, mwengine asema Mombasa tungule hazimei, na kijana wa agroveti ameniuzia dawa ya ukungu nipulize. Maganda ya mayai nimeshatia. Niendelee ama ning'oe?"

Waleikum salaam dadangu. Asante kwa kuandika kila kitu mpaka rangi ya ndoo, maana wengi huniletea "tungule zangu hazizai" bas, kisha mimi nianze kupiga ramli. Wewe jibu karibu lote umelileta mwenyewe, na hiyo rangi ya ndoo ina maana kuliko unavyodhani.

Kwanza tulia, kwa hayo uliyoyaeleza mimea yako si migonjwa. Una mambo mawili yaliyokuja pamoja yakaonekana kama moja: maua kupukutika, hilo ni lake, na kuoza kitako, hilo ni lake. Hakuna hata moja lililoletwa na ukungu, kwa hivyo ile dawa iweke kando, haitafanya kitu hapo hata ukipuliza kila jioni. Tena huko juu watu wanaanika nguo na watoto wanacheza, dawa ya kupuliza bila sababu ya nini?

Huyo jirani wa madume amechanganya na mpapai. Mpapai ndio una dume na jike. Tungule kila ua lina vyote viwili ndani kwa ndani: chuma moja lililofunguka leo asubuhi ulipasue kwa ukucha, katikati utaona kitu kama pembe ndogo ya manjano, hiyo ndiyo sehemu ya kiume inayotoa chavua, ule unga, na ndani ya hiyo pembe kuna kijiti chembamba cha kijani, hicho ndicho cha kike. Unga unamwagika hapo hapo ndani, hauhitaji mti mwengine. Wa pili, yule wa "Mombasa hazimei", yeye ana nusu ya ukweli. Kumea zinamea, wewe mwenyewe zimekupita kimo, kazi ni kushika. Si bure kwamba tungule nyingi tunazonunua soko la Kongowea zinaletwa kwa lori kutoka Taveta na Loitokitok.

Sasa kwa nini yanaanguka. Ni joto, na zaidi joto la usiku. Asili ya tungule ni upande wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, inataka mchana wenye jua lakini usiku ipoe, baina ya nyuzi 15 na 21 hivi ndipo inaposhika raha mustarehe. Usiku ukikaa juu ya 24 na mchana ukapita 32, chavua inatoka kidogo, na hiyo kidogo nyingi yake haina uhai. Ua linafunguka vizuri, manjano yake inapendeza, lakini ndani hakuna kilichoshika, mti unalikata pale pale ulipopaona, kwenye kile kifundo kilichovimba katikati ya kikonyo, wewe unaokota maua chini. Na kitu ambacho watu hawakijui, ua haliharibiki siku linapofunguka, linaharibika lingali kitumba, kama wiki moja mpaka mbili nyuma. Kwa hivyo ikipita siku mbili tatu za mawingu ukaona bado yanapukutika usishangae, hayo yalishaharibika kitambo.

Uliza ni lini Mombasa usiku unapoa, ndipo utajua ulipanda saa mbaya. Kaskazi yote, kuanzia Januari mpaka Machi na mpaka masika yatulie, mchana ni 32, 33, na usiku unazunguka 24. Ukija kwenye kusi, Julai na Agosti, mchana ni 27 ama 28 na usiku unashuka karibu 20. Ukipanda Disemba maua yanakuja Februari, yaani umeyaleta kwenye tanuri. Si kosa lako, paketi ya mbegu haijui wewe unakaa wapi. Na hiyo Money Maker yenyewe ni mbegu ya zamani ya Waingereza, walikuwa wakiipanda kwenye nyumba za vioo kwa sababu kwao baridi, sasa wewe umeipandisha juu ya slabu Majengo.

Halafu slabu. Hizo nyuzi nilizotaja zinapimwa kwenye uwanja wa wazi, si kwako. Zege linakunywa jua kutwa nzima na usiku linalitoa. Leo saa tatu usiku panda juu uweke kiganja kwenye sakafu karibu na ndoo, kisha ukiweke kwenye ukuta, utaelewa ninachosema, miti yako inalala juu ya pasi. Na ndoo nyeusi inaongeza lake, jua la saa nane likiipiga ubavuni udongo wa pembeni unapata moto mpaka mizizi midogo inaungua, na hiyo mizizi midogo ndiyo inayokunywa maji. Tafuta magunia meupe uzifunge, ama uzipake rangi nyeupe iliyobaki, kisha uziinue juu ya mbao ama matofali zisiguse zege. Zisogeze upande ambao ukuta ama tangi linatia kivuli kuanzia saa nane mchana. Jua la asubuhi mpaka saa saba latosha kabisa, tungule inataka masaa sita mpaka manane, haitaki kuchomwa. Kama mwenye nyumba atakubali ufunge neti ya kivuli, fanya, itapunguza moto wa mchana, ingawa usiku haitakusaidia sana.

Kuna watakaokwambia utikise maua. Ni kweli na si kweli. Chavua ya tungule inatoka kwa kutikisika, upepo unafanya, na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa anafanya kwa ule mvumo wake, nyuki wa asali hawezi. Kwa hivyo baina ya saa tatu na saa tano asubuhi pitisha kidole ukigonge kikonyo cha shada kidogo tu kama unapukusa vumbi, fanya hivyo kila siku. Asubuhi sana bado kuna umande na unyevu wa pwani, chavua inagandana haitoki. Lakini tikisa utakavyotikisa, kama chavua imekufa kwa joto hujafanya kitu, nakwambia mapema usije ukasema nilikudanganya.

CAN sasa. Dadangu hiyo wacha leo. Kijiko kila wiki ndani ya lita 20 ni nyingi sana, na ndiyo maana una majani ya kijani cheusi na mti mrefu usio na shukrani. Naitrojeni inasukuma majani, mti ukishiba naitrojeni unasahau kuzaa. Najua watu husema CAN ina kalsiamu ndani kwa hivyo itaponya kuoza kitako, hapana, kalsiamu yake ni ya chokaa iliyochanganywa, inatoka polepole, na ile amonia iliyo nayo inashindana na kalsiamu mlangoni kwa mizizi, kwa hivyo unaweza kuzidisha kile unachotaka kukiondoa. Ukirudi kutia mbolea, wakati wa maua tafuta ile yenye potasiamu nyingi. Kwenye paketi kuna namba tatu, ya mwisho iwe ndiyo kubwa. Tia nusu ya kipimo walichoandika, kila wiki mbili, kwenye udongo ulio na maji tayari. Majivu ya jikoni yana potasiamu pia lakini maji ya visima vyetu yameshajaa chokaa ya mwamba, majivu mengi yatazidisha, kwa hivyo mimi kwa Mombasa siyapendi.

Tuje kwenye weusi wa kitako, hapa ndipo watu wanapotapeliwa zaidi. Lile baka linaanza kama alama ya maji upande wa chini, mbali na kikonyo, kisha linakuwa la hudhurungi, linabonyea, likikauka linakuwa jeusi gumu kama ngozi ya kiatu. Ukilipasua mapema utaona hakuna uvundo. Huo si ugonjwa, ni kalsiamu haikufika. Na haikufika si kwa sababu haimo, kwenye udongo wetu na maji yetu ya kisima kalsiamu imejaa tele, tunakaa juu ya mwamba wa matumbawe. Haikufika kwa sababu haina njia nyengine ya kusafiri ila kubebwa na maji kutoka mizizini, na maji yanakimbilia kwenye majani kwa sababu majani ndiyo yanayotoa jasho kwa wingi, tunda halitoi karibu kitu. Wewe wa orofa ya juu hili unalijua, mfereji ukifunguliwa kidogo wa chini wanajaza mapipa yao kwanza na wewe unapata matone. Kitako cha tungule ndiyo orofa ya juu. Mti ukikosa maji mchana mmoja tu wakati tunda linakua, chembe za kitakoni zinakufa, na ukimwagilia jioni ndoo nzima hazifufuki.

Kwa hivyo maganda ya mayai wacha yakae, hayadhuru, lakini yanachukua miezi mingi kuoza na tatizo si hilo. Maziwa pia wapo wanaomwaga, kunywa wewe. Chumvi ya Epsom ndiyo kabisa usitie, hiyo ina magnesiamu, nayo inashindana na kalsiamu. Tunda lililoshika weusi lichume, halitapona na linanyonya bure, ila kama halijaota ukungu kata kitako utupe, juu kunapikika.

Tatizo lako ni maji, kwa namna mbili. Ya kwanza ni kupanda na kushuka. Mti uliokupita kimo, juu ya slabu, kaskazi, unaweza kunywa lita mbili na zaidi kwa siku, na ndoo ya lita 20 haina akiba kubwa. Mwagilia asubuhi kabla jua halijawa kali, mpaka maji yatoke chini kwenye matundu (nina imani umezitoboa ndoo, kama hujazitoboa simama kusoma uende ukatoboe). Kisha jioni ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, pakiwa pakavu ongeza. Juu ya udongo tandaza makumbi yaliyochambuliwa, makuti makavu ama nyasi, tabaka la vidole vitatu vinne, hiyo peke yake itakupunguzia nusu ya wasiwasi. Ukishinda kazini, chukua chupa ya lita tano, itoboe kwa sindano chini, iweke pembeni ya shina idondoke polepole.

Ya pili ni chumvi. Angalia ukingo wa ndani wa ndoo pale udongo unapoishia, nadhani utakuta ukoko mweupe. Hiyo ni chumvi ya kisima pamoja na ya CAN, maji yanaruka na jua yenyewe inabaki, kila siku inazidi. Chumvi ikiwa nyingi kwenye udongo inayashikilia maji, mizizi inavuta haipati, yaani mti una kiu na miguu iko kwenye maji, kisha wewe unaongeza maji yale yale ya chumvi. Tungule inastahamili chumvi kidogo, si kama maharagwe, lakini kwenye ndoo inajikusanya kwa sababu haina pa kwenda. Siku mfereji unapokuja osha udongo: mwaga maji matamu polepole mpaka yatiririke chini, subiri kidogo, rudia mara mbili tatu. Kisha changanya nusu kisima nusu tamu unapoweza, na masika yakianza weka mapipa na masufuria yote nje, maji ya mvua hayana bei. Maji ya kuoshea mchele ni mazuri pia. Ya sabuni hapana.

Sasa swali lenyewe, uendelee ama ung'oe. Tuko mwezi wa tatu. Ukiacha mashina yote sita, utayauguza mpaka Juni ndipo usiku uanze kupoa, na katikati hapo kuna masika, mvua ya Aprili na Mei ikilowesha majani kila siku ndipo ukungu wa kweli unapokuja, madoa ya hudhurungi yanaanzia majani ya chini, kwenye mti uliokwisha kuchoka. Inawezekana lakini si biashara nzuri. Ukiyang'oa yote unabaki bure na moyo utakuuma. Mimi ningebakisha mawili yenye shina nene, niyakate kilele, nitoe machipukizi ya kwapani na majani yote yanayogusa udongo, niyasogeze mahali mvua haiyapigi moja kwa moja, niyatumie kujifunzia kumwagilia. Hayo manne mengine ng'oa. Osha udongo wake chumvi, ongeza samadi iliyooza vizuri na makumbi yaliyosagwa, halafu mwaga mbegu za mchicha. Mchicha joto hauujali, wiki tatu nne unakula. Makumbi lakini uliza yametoka wapi, yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kamba yamejaa chumvi ya bahari, yaloweke na kuyabadilisha maji mara kadhaa kabla hujayatumia.

Mwisho wa Aprili ama mwanzo wa Mei atika mbegu mpya kwenye trei ama vikopo, mahali penye mwanga lakini mvua haifiki. Baada ya wiki nne hivi miche ina majani manne matano ya kweli, ihamishie kwenye ndoo, mche mmoja ndoo moja, kama saa hizi ulikuwa na miwili ndani ya ndoo hilo nalo ni tatizo. Maua yatakuja Julai, usiku umepoa, na tungule utaanza kuchuma kuelekea mwisho wa Agosti mpaka Oktoba. Mbegu, badala ya Money Maker chukua zile ndogo ndogo za cherry, kwa joto zinashika vizuri kuliko kubwa na kuoza kitako haziozi sana. Ukitaka za kupikia, Cal J ama Rio Grande, hizi hazirefuki sana, zinakaa kwenye ndoo bila kukupita kichwa. Mbegu za F1, yaani chotara, ni nzuri lakini bei, kwa ndoo sita ni afadhali ununue miche iliyokwisha ota kwa mtu wa nasari. Na tusidanganyane, ukihesabu maji ya mkokoteni na mbolea, tungule za ndoo sita hazitashinda bei ya Kongowea. Utapata tungule iliyoivia mtini, tamu, isiyopulizwa kitu usichokijua. Kama unatafuta kupunguza matumizi ya jikoni, panda mchicha na bamia mwaka mzima.

Kuna dalili ambazo ukiziona usiniandikie, tafuta mtu aje aone kwa macho. Mti ukinyauka ghafla mchana, majani bado kijani na udongo una maji, kesho yake usiinuke, kata shina karibu na udongo, kipande cha urefu wa kidole, kitumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Baada ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa. Mti na udongo wake funga kwenye mfuko utupe, ndoo ioshe kwa jiki, wala udongo huo usiupandie pilipili, biringani, mnavu ama viazi, wote ni ukoo mmoja. Majani yakijikunja juu kama kikombe na kudumaa, na ukigusa mti vinaruka vinzi vyeupe, hicho ni kirusi kinacholetwa na hivyo vinzi. Na ukiona majani yana mabaka ya kung'aa kama karatasi, ndani yana vinyesi vyeusi, na tungule zina matundu kama ya sindano karibu na kikonyo, huyo ni kiwavi aitwaye Tuta absoluta, aliingia Kenya mwaka 2014 na dawa nyingi za kawaida hazimuwezi, kila unapopuliza ovyo unamfanya mkali zaidi.

Kwa hayo matatu nenda kwa afisa wa kilimo wa wadi yako, ama ubebe tawi bichi kwenye mfuko mpaka kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO pale Mtwapa, ulikate asubuhi ya siku hiyo hiyo lisifike limeoza. Usipulize kitu kabla hawajaona. Na ukienda chukua na chupa ya maji ya kisima, uwaulize wapi utapimiwa chumvi yake, hapo utajua uchanganye matamu kiasi gani badala ya kukisia kwa ulimi.